Baga ya yai kwenye kibanda cha chipsi: jibu kwa msomaji wa Mwanga, Kigoma

Swali la msomaji, kwa kifupi: "Shikamoo mtaalamu. Nauza chipsi, mayai na mishikaki hapa Mwanga, jirani na banda la kuonyeshea mpira. Wateja wa usiku wa manane wananiomba baga. Nimejaribu, lakini kababu inavunjika nikiigeuza, hata nikichanganya yai na unga wa ngano. Mkate nao unalowa. Kaka yangu aliyefanya kazi melini anasema Malaysia wanaifunga nyama ndani ya yai. Itafaa huku? Na kwa nini nisitumie migebuka, samaki wetu wa Ziwa Tanganyika, wakati ziwa liko hapa? Mtaji wangu mdogo, sitaki kuupoteza."

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hilo la Malaysia, maana ndani yake mna majibu ya maswali yako mengine.

Kaka yako hakukudanganya. Kwenye miji ya Malaysia, jua likishazama, vibanda vya baga vinafunguliwa kando ya barabara, na wateja wake wakubwa ni watu wa usiku. Baga inayojulikana zaidi inaitwa Ramly, jina la kampuni ya Ramly Mokni, aliyeanza biashara hiyo Kuala Lumpur mwishoni mwa miaka ya 1970. Wakati huo nyama za baga zilikuwa zinaagizwa kutoka nje na yeye alikuwa na wasiwasi kama ni halali, akaamua kutengeneza za kwao. Kwenye kibanda, kababu inakaangwa kwa siagi ya mimea na pilipili manga nyingi. Kisha yai linavunjwa juu ya bamba la moto, linatandazwa jembamba, kababu inawekwa katikati na yai linakunjwa juu yake pande zote nne kama bahasha. Inaingia kwenye mkate na kabichi, mayonezi na sosi ya pilipili. Kwisha. Hakuna jibini ya gharama wala majani ya saladi ya kuagiza.

Sasa jiangalie wewe. Kila usiku unavunja mayai juu ya chipsi, unajua yai linaanza kushika lini na linaungua lini, unageuza zege, yaani chipsi mayai, bila kulimwaga. Mpishi wa hoteli anayetengeneza baga ya Kizungu hana mkono huo. Ndiyo maana nakwambia inafaa, tena kwako inafaa kuliko baga ya kawaida. Hata pwani yetu wazo hili si geni: aliyetembea Forodhani, Unguja, ameona piza ya Zanzibar ikijazwa nyama ya kusaga na yai na kukunjwa pembe nne juu ya moto, na wanaoila ni watu wa usiku hao hao.

Ila kuna jambo moja nataka ulishike kabla ya mengine yote. Yai linaficha. Kababu ikishavikwa yai, si wewe wala mteja anayeona kilichomo, na kwenye mwanga wa taa ya kibandani ndiyo kabisa. Kwa hiyo kababu iive yenyewe mpaka katikati, ndipo ivikwe yai. Usiitie ikiwa nusu mbichi ukitegemea itamalizikia humo ndani. Yai linaiva kwa nusu dakika, na nusu dakika haiwezi kumaliza nyama ya kusaga.

Utaniuliza, mbona mshikaki ukiwa mwekundu kidogo katikati watu wanakula na hakuna kinachotokea? Kwa sababu vijidudu vya nyama nzima vinakaa juu ya uso wake, na moto unaanza na huo uso. Ukisaga, uso wa nje unakuwa ndani. Vilivyokuwa juu sasa viko kila mahali. Mwaka 1993 huko Marekani baga zisizoiva vizuri ziliwafanya watu zaidi ya 700 waugue na watoto wanne wakafariki, na kijidudu kilichohusika, aina mojawapo ya bakteria wa E. koli, kinaishi kwenye utumbo wa ng'ombe wazima kabisa wasio na dalili ya ugonjwa. Nyama ya kusaga inatakiwa ifike nyuzijoto 70 katikati, na ikae hapo dakika mbili hivi. Rangi haitoshi kukuambia: nyama inaweza kugeuka kahawia kabla haijafika. Kipimajoto cha chakula, kile chenye sindano, si kitu cha bei kubwa na ukikipata kitakulinda. Kama huna, fanya kababu ziwe nyembamba, unene usiozidi sentimita moja, na ya kwanza katika kila mkupuo ipasue uiangalie. Nyembamba inaiva kwa uhakika. Nene ina sifa tu.

Tuje kwenye kuvunjika.

Umesema unaweka yai na unga. Yai bichi ni kimiminika, linashika likishaiva. Kababu yako inavunjika wakati wa kugeuza, yaani wakati upande wa juu bado mbichi, na hapo yai halijafanya kazi yoyote. Limeongeza maji tu. Unga wa ngano nao unaifanya nyama iwe na ladha ya uji. Viondoe vyote viwili. Kinachoshikanisha nyama mbichi ni chumvi na kukanda. Chumvi inayeyusha sehemu ya protini za nyama, na ukikanda zinatoka na kuanza kunata. Watu wa baga za hotelini wanaogopa kukanda kwa sababu wanataka nyama iliyoachia. Wewe huitaki hiyo. Unataka kababu inayokubali kugeuzwa, kukunjiwa yai, kushikwa kwa mkono mmoja na kijana aliyesimama huku anabishana kuhusu penalti.

Nyama yenyewe chagua vizuri. Ng'ombe wetu wengi wanatembea mbali na kula majani, nyama yao haina mafuta mengi. Ukisagiwa steki tupu umelipa zaidi kupata kitu kikavu. Omba bega au kidari, na mwambie muuza bucha akuchanganyie shahamu mpaka ifike kama sehemu moja kati ya tano. Shahamu haina bei kubwa na ndiyo inayoiacha kababu laini baada ya moto. Isagwe mara mbili, ukiwa umesimama pale, na uangalie mashine kabla ya nyama yako kuingia. Mabaki ya jana yaliyoganda kwenye mashine yanaweza kuharibu kazi ya leo yote. Nyama iwe na muhuri wa mkaguzi. Na kama jirani yako anauza kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, vifaa visikutane hata kisu, maana mteja Mwislamu wa kutoka Ujiji atauliza, na jibu la kusitasita litamrudisha alikotoka.

Kwa kilo moja ya nyama hiyo tia vijiko viwili vidogo vya chai vya chumvi, vya kusawazisha si vya kurundika. Kijiko kimoja cha pilipili manga. Kitunguu saumu kiasi unachopenda. Kitunguu maji kimoja kikubwa kikwangue, halafu kikamue kwenye kitambaa safi mpaka kikauke. Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa: maji ya kitunguu yanaachanisha nyama kuliko kitu kingine chochote. Kisha kikombe kimoja cha chenga za mkate mkavu. Chenga zinakunywa mchuzi unaotoka nyama ikiiva, kwa hiyo unabaki ndani badala ya kumwagika kwenye kikaango na baadaye kwenye mkate. Nyama iwe ya baridi, imetoka kwenye friji au ilikaa kwenye barafu. Kanda dakika tatu au nne mpaka inate kwenye vidole. Chukua donge, ligandamize kiganjani, geuza kiganja kiangalie chini. Likining'inia, umemaliza. Likianguka, endelea.

Gawanya madonge kumi na mawili, kila moja karibu gramu 100. Yatandaze kwa mfuniko wa kopo uliowekwa karatasi laini ya nailoni pande zote mbili, yawe mapana kuzidi mkate kwa unene wa kidole, kwa sababu yatajikunja kwenye moto. Ukiyafanya sawa na mkate, mteja ataona mkate mkubwa na nyama ndogo na atadhani umemwibia.

Kikaango usitumie kile chepesi cha mayai. Tumia cha chapati, cha chuma kizito. Kinatunza moto, ukiweka kababu tatu kwa pamoja hakipoi. Kipashe kwanza, paka mafuta kidogo tu kwa sababu shahamu itatoa yake, weka kababu, halafu mikono nyuma. Kababu ikiwa mbichi inaganda kwenye chuma, ikishapata rangi inajiachia yenyewe. Anayeisukuma kabla ya hapo ndiye anayeivunja, si nyama. Kama dakika tatu upande wa kwanza, geuza mara moja, dakika nyingine tatu. Usiikandamize kwa mwiko ukipenda ile sauti ya mchuzi kuchemka. Hiyo sauti ni pesa yako inaungua. Kwenye mkaa, sambaza makaa mpaka ukingoni, vinginevyo katikati kunaungua na pembeni kunabaki kubichi.

Kababu ikiiva ivute pembeni. Punguza moto, au sogeza kikaango nusu nje ya jiko. Tone la mafuta, vunja yai moja, pasua kiini, litandaze kwa mgongo wa kijiko mpaka liwe pana mara mbili ya kababu. Chumvi kidogo, pilipili manga. Yai likiwa bado linameta juu lakini limeshika chini, weka kababu katikati, kunja upande mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne, geuza ili mikunjo ilale chini. Hesabu mpaka thelathini. Ukichelewa kukunja yai linakauka na kukatika. Hili wewe hutafundishwa na mtu. Mteja mwenye njaa kweli, anayetaka mayai mawili au kababu mbili, mfanyie na umwongezee bei. Kuna watu wanatoka kazini saa nane za usiku na hicho ndicho chakula chao cha kwanza tangu mchana.

Kuhusu mkate. Skonzi zinazouzwa madukani zinafaa, hata zile zenye utamu kidogo, kwa sababu utamu unaenda vizuri na pilipili. Zinalowa kwa sababu unaziweka mbichi. Zikate, zipake siagi ya mimea upande wa ndani, zilaze kwenye chuma hicho hicho mpaka zipate rangi ya dhahabu. Mafuta na ule ukoko vinazuia mchuzi kupenya. Yai nalo linazuia, na hilo ndilo jambo ambalo kaka yako huenda hakuligundua: ile nguo ya yai si pambo, inatenganisha nyama yenye mchuzi na mkate. Chini weka kabichi iliyokatwa nyembamba sana, kavu, isiyotiwa chumvi. Kachumbari iliyokwisha tiwa chumvi na ndimu jioni, ifikapo usiku imeshakuwa supu. Mpe mteja pembeni kama anaitaka. Nyanya, vipande viwili, juu ya yai na si chini ya nyama. Na baga ya kubeba ifunge kwenye karatasi ya kaki, usiikaze sana, mvuke utoke. Magazeti hapana, wino unahamia kwenye chakula cha moto. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, unajua mwenyewe.

Sosi sina mengi. Nunua mayonezi ya dukani, usitengeneze ya mayai mabichi kwa biashara ya usiku. Ukishafungua chupa ikae kwenye baridi. Tomato usiichanganye na maji. Watu wanajua.

Sasa utunzaji, na hapa naomba univumilie, kwa sababu ndipo hasara na maradhi vinapokaa pamoja. Usikaange nusu nusu jioni ili umalizie usiku. Najua inavutia: mechi ikiisha watu ishirini wanakuja kwa mkupuo na unataka uwe tayari. Lakini kababu iliyopashwa moto nusu na kukaa vuguvugu kwenye kabati la vioo ni mahali pazuri kuliko pote kwa vijidudu kuzaana. Chakula kilichoiva kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida, na kama unataka kukitunza kwa kuuza, kiwe cha moto kabisa, juu ya nyuzi 60. Balbu ya kabati lako haifikishi hapo. Una njia moja nzuri: kababu mbichi zigandishwe mchana, kila moja na karatasi yake, uende nazo kibandani kwenye deli, lile sanduku la kutunzia baridi, lenye barafu chini na juu, utoe kila zinapoagizwa. Zikiwa na unene wa sentimita moja zinakaangwa zikiwa zimeganda vile vile, ongeza dakika moja kila upande. Tena hazivunjiki sana kama za kawaida. Umeme ukikatika nyumbani, friza iliyojaa na isiyofunguliwa inaweza kutunza ubaridi wa kugandisha kwa takriban siku mbili, na ile ambayo nusu yake tu imejaa, kwa siku moja. Basi jaza nafasi iliyobaki kwa chupa za maji, ambazo ndizo zitakuwa barafu ya deli lako. Kababu iliyokwisha yeyuka kabisa usiku ule usiirudishe kugandisha. Mkono ulioshika nyama mbichi usishike skonzi. Tenga koleo mbili, au mpe kijana anayekusaidia kazi ya mikate na sosi peke yake.

Swali la migebuka nimelipenda. Hata hivyo nitakukatisha tamaa kidogo kabla ya kukutia moyo.

Nyama ya samaki iliyoiva haina kunata. Mgebuka ukiuchemsha au kuubanika unaachia mafungu mafungu, na chumvi haisaidii tena kwa sababu protini zake zimeshaiva. Unahitaji kiunganishi, na wewe unacho, viazi. Kwa kilo moja ya minofu iliyochambuliwa, nusu kilo ya viazi vilivyochemshwa vikakaushwa na kupondwa, kitunguu kilichokaangwa kwa kijiko cha mawese, pilipili mbichi, ndimu, kotmiri kama ipo. Hayo mawese yaishie hapo kwenye kitunguu. Yanatoa rangi na ile harufu ambayo mtu wa Kigoma anaijua hata akiwa amefumba macho, lakini mawese mekundu yasiyosafishwa yanawahi kutoa moshi ukiyafanya ndiyo mafuta ya kukaangia, na yatafunika ladha ya samaki na ya yai. Zungushia kababu unga mkavu kidogo, kaanga, kisha yai. Kwa samaki yai linafanya kazi kubwa zaidi kuliko kwa nyama, maana ndilo linalobeba kila kitu kisimwagike.

Lakini angalia miiba. Chambua kwa vidole, si kwa kusaga, kwa sababu mashine haiondoi mwiba, inaukata vipande ambavyo huvioni, na mteja wako anakula gizani. Halafu angalia saa. Samaki wa asubuhi pale mwaloni Kibirizi, ukimwacha bila barafu mpaka usiku, hafai baga wala mchuzi. Mpike asubuhi ile ile, mchambue, tengeneza kababu na uziweke kwenye baridi. Kuhe usimguse kwa kazi hii. Samaki wa heshima ile kumponda na viazi ni kumkosea, na bei yake haikuruhusu. Dagaa nao, kwa maoni yangu, wabaki kwenye ugali.

Tena kuna kalenda ya ziwa. Kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka Ziwa Tanganyika, mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Ukiwa umeandika baga ya mgebuka kwenye ubao wako kwa herufi kubwa, miezi kama hiyo utanunua samaki kwa bei ya dhahabu, au utafuta ubao. Kwa hiyo nyama ndiyo iwe msingi, mgebuka uingie siku ambazo sokoni ni wa bei nafuu. Andika kwa chaki.

Mwezi pia utazame. Wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka taa zao hazivuti samaki, hivyo siku zinazozunguka mwezi mpevu wengi wao wanabaki nchi kavu. Usiku wa giza wanapita kwako jioni kabla ya kwenda majini, wanataka kitu cha kushibisha na kubebeka. Usiku wa mbalamwezi wako mjini mpaka usiku mwingi, ingawa mifuko yao inaanza kupungua kadiri siku za kutovua zinavyoongezeka. Watu wa mpira ni rahisi zaidi kuwatabiri: mechi za Ulaya za katikati ya wiki zinamalizika kati ya saa sita na saa saba usiku kwa saa zetu, kutegemea majira ya kule. Ramadhani kila kitu kinasogea: jioni wana futari zao, baada ya tarawehe ndipo njaa ya barabarani inapoanza.

Pesa. Hizi nitakazotaja ni za mfano, wewe weka bei za kwako. Tuseme kilo ya nyama na shahamu yake ni shilingi 12,000, inatoa kababu kumi na mbili, kila moja 1,000. Viungo na chenga 100. Yai, kwa trei ya 12,000, ni 400. Skonzi 400. Kabichi, nyanya na sosi 250. Mkaa na mafuta 200. Karatasi 50. Jumla 2,400. Ukiuza 3,500, kila baga inakuachia 1,100, ambayo bado haijalipa kijana wala eneo.

Sasa tazama kosa la kutayarisha mapema lilivyo na makali. Ukizipika zote kumi na mbili halafu tatu zikabaki, umetumia 28,800, umeuza tisa kwa 31,500. Usiku mzima umepata 2,700. Ukiwa umepika kwa oda, zile tatu bado zimeganda kwenye deli, mayai yako kwenye trei, na faida ya tisa ni 9,900. Skonzi tatu zilizobaki zikaushe, zipondeponde, ndizo chenga za kilo ijayo. Ndiyo maana sioni sababu ya kupandisha bei kwanza kabla hujaziba tundu hilo.

Usipunguze chipsi ili upate nafasi ya baga. Anza na kilo moja, Ijumaa na Jumamosi na siku za mechi, kwa majuma machache, na uandike kila usiku zimeuzwa ngapi kabla ya saa sita na ngapi baada. Kama zinaisha mapema, pandisha kwa nusu kilo, si kwa kilo tatu. Wateja wa kwanza wawe wale wanaokula zege kwako kila siku. Wape baga nusu, wakate kwa kisu waone ndani kumeiva.

Kabla ya usiku wa kwanza pita kwa afisa afya wa kata. Utahitaji wewe na kijana wako mpimwe afya kama wapishi wote wa biashara, na ukimweleza mapema kwamba unaongeza nyama ya kusaga atataka kuona maji ya kunawia, deli na mahali unapotunzia. Mwonyeshe lile friza la nyumbani pia. Kama kababu bado zinavunjika baada ya kukamua kitunguu na kukanda ipasavyo, niandikie tena uniambie nyama umenunua sehemu gani ya ng'ombe na kikaango unachotumia ni kipi, maana kitakachobaki hapo ni kimojawapo kati ya hivyo viwili.